Landrova Iliyofungwa Vioo

Niliporudi kutoka Tororo, kila mtu hapa Busia alikuwa na habari yake tayari. Hamisi wa matairi alisema nilikamatwa na kahawa. Mama Rukia jirani alisema hapana, nimeandikwa polisi, mimi na uzee wangu, kazi yangu kubeba mbwa. Msikitini wengine walikuwa wananisalimia huku wanaangalia mikono yangu. Mkaniuliza, nikawajibu nilikosa gari, basi. Wakati ule jibu refu halikuwa zuri kwa afya. Sasa askari wa utawala ule wamekwenda zao, na nyinyi bado mnauliza, kwa hiyo naandika. Shuleni nilikaa kidogo sana, nikatolewa nikachunge mbuzi wa mjomba, hivyo mtu asinitafutie makosa ya kalamu. Na mkiona nimeacha njia naanza habari za lori langu, nivumilieni, nitarudi.

Kutoka Busia

Kilikuwa kiangazi, ile miaka ya kupanga foleni ya sukari, ukifika mbele unaambiwa foleni hii ni ya sabuni, na sabuni yenyewe ilikwisha jana. Lori langu lilikuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Injini nzima, bodi nzima, tairi hakuna. Hamisi aliyejiita wa matairi hakuwa na tairi hata la baiskeli, lakini jina halikumtoka. Lori lile, wallahi, lilikuwa linapanda kilima na magunia ya muhogo kama halina kitu. Haya, nimeanza.

Binti yangu Zaituni, aliyeolewa Tororo, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na akika ilikuwa karibu. Akika bila babu si akika. Sasa babu afike vipi? Petroli ilikuwa ya wanajeshi na ya watu wanaojuana na wanajeshi. Nilikuwa naamkia stendi na mfuko wangu wa sukari, chumvi na sabuni ya upande wa Kenya, nashinda pale, narudi nyumbani. Kesho tena.

Ndipo akaja Konstebo Owor. Wengi wenu mtamkumbuka, yule polisi mrefu wa mbwa, Mpadhola wa Iyolwa, kijana mpole hata ukajiuliza nani alimwambia awe polisi. Alikuwa ameletwa kwetu na mbwa wa kunusa, jina lake Tiga, wakamate watu wanaovusha kahawa usiku kwenda ng'ambo. Hawakupata mtu. Nusu ya mji ilikuwa inakula kahawa kwa njia ya vichakani, na nusu ya pili walikuwa ndugu zao. Mbwa alipopita, watu walitema mate chini. Mimi pia nilitema, kwa sababu kila mtu alikuwa anatema.

Alisimamisha Landrova mbele yangu. "Mzee, wewe nakwenda wapi?"

"Tororo, mwanangu. Kuna mjukuu."

"Mimi narudi Tororo. Ingia mbele. Mbwa iko nyuma, haiwezi kukufikia."

Nikapanda. Hamisi alikuwa amekaa kwenye rimu yake pale pale, akapaza sauti watu wote wasikie. "Baba Zaituni, leo unaendeshwa na serikali. Ukifika utusalimie walioko ndani."

"Na mbwa akikulamba," mwingine akasema, "usirudi msikitini kabla hujapitia mtoni."

Wakacheka. Mimi nikakaza kofia nikatazama mbele kama mtu mwenye gari lake.

Bulumbi, kivulini

Kutoka Busia kwenda Tororo, mtu akiondoka asubuhi anakula chakula cha mchana Tororo. Sisi kufika Bulumbi tu nilishaanza kuona njaa. Huyu kijana alikuwa anaendesha na vioo vyote vimefunguliwa, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno, na kila akiona mti wenye kivuli kizuri anasimama. Anateremka, anafungua mlango wa nyuma, anamtoa mbwa, anamimina maji kwenye bakuli la bati, anamlowesha shingo na tumbo. Halafu anakaa. Nikadhani anasubiri mtu. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu.

"Owor," nikamwambia, "tunasafiri au tunapumzika?"

"Mzee, mbwa haina jasho kama sisi. Jasho yake ni ulimi. Gari hii ni bati. Ikisimama kwa jua na vioo imefungwa, hewa anayovuta ni ile ile ametoa, imechemka. Wewe unakwenda kunywa chai kidogo tu, unarudi, imekufa. Hata ukiacha kwa kivuli, kivuli inahama."

Nilimwambia mimi nimeona mbwa wengi wa mjini wanalala juani na hawajafa. Akasema yule akisikia joto anaondoka, huyu akisikia joto ataondoka aende wapi?

"Na hii ina namba ya serikali," akaendelea, anamkuna Tiga nyuma ya sikio. "Ikifa mkononi mwangu watasema Owor anakula na watu ya kahawa, ameua mbwa kusudi. Siku hizi mtu haulizwi mara mbili, mzee. Unajua."

Nilijua. Sote tulijua. Tangu hapo sikulalamika tena habari ya vivuli.

Jambo lingine la Bulumbi ni hili. Tulisimama karibu na boma moja ili tuombe maji, na walipoona Landrova, watu wote wakakimbilia kwenye mihogo. Wote. Mpaka na kuku. Alibaki bibi kizee mmoja, nadhani kwa sababu ya magoti. Owor akamsalimia vizuri kwa Kisamia chake cha kuokoteza. Bibi hakujibu, aliingia ndani akatoka na kalo, ugali wao wa ulezi, wa moto, na samaki wa kukaushwa, akaweka chini mbele yetu. Tukala, tulikuwa na njaa. Tukashukuru. Akaingia tena, akatoka na karanga. Tukashukuru. Akaleta jogoo amemfunga miguu. Owor akasema hapana mama, imetosha. Bibi akaleta na jogoo wa pili. Kadiri tulivyokataa ndivyo alivyozidi kuleta. Mwishowe tuliacha kila kitu pale tukaondoka mbio, na nilipogeuka nikaona vichwa vinachomoza kwenye mihogo. Mpaka leo sijui siku ile tulikaribishwa au tuliiba.

Kizuizi cha msituni

Baada ya kutoka barabara kubwa, pale msitu unapoanza, kulikuwa na kizuizi cha jeshi. Pipa hapa, gogo pale, na kibanda cha mabati nyuma kidogo. Wanawake wawili walikuwa wanauza muhogo wa kuchoma kando ya njia. Jua lilikuwa juu kabisa ya kichwa.

Aliyekuwa anaongoza pale ni koplo mmoja mfupi, mwenye kovu kidevuni. Alikuja kwetu taratibu, lakini Tiga alipobweka akarudi nyuma mara moja na bunduki ikapanda begani.

"Funga kioo! Funga yote! Hii mbwa itaruka."

"Haitaruka, afande. Iko na mnyororo," Owor akasema.

"Nimesema funga."

Owor akafunga. Vile vioo vya Landrova ya zamani vya kusukuma, akavisukuma kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayetumaini ataambiwa acha. Hakuambiwa. Koplo akauliza petroli imetoka wapi. Ya polisi. Polisi wa wapi? Wa Tororo. Kama polisi wa Tororo wana petroli, mbona jana walikuja hapa kuomba? Hapo Owor hakujua, na mimi sikujua, na nadhani hata koplo hakujua. Wakachukua funguo wakampeleka kibandani. Alikuwa anasema huku anavutwa mkono, "Afande, mbwa. Afande, naomba mbwa itolewe kwanza." Mlango ukafungwa.

Mimi nikaambiwa nikae chini kwenye nyasi, mikono juu ya magoti. Nikakaa.

Sasa hapa ndipo mambo yaliponichanganya, na bado yananichanganya. Landrova iko pale, juani, karibu hivi kwamba ningeweza kuirushia kokwa. Tiga anabweka. Halafu akaacha kubweka akaanza kuhema, ulimi nje, unaona kioo kinaingia ukungu mbele ya pua yake. Nikasema na yule askari aliyekuwa karibu.

"Mwanangu, mbwa anaumia. Fungua kioo kidogo."

"Mimi nalinda gogo," akasema. "Gari si kazi yangu."

Nikamwambia wa pili. Yeye alikuwa analinda funguo, zilikuwa zinaning'inia kidoleni kwake. "Funguo nalinda zisipotee. Hakuna mtu alisema nifungulie."

Nikangoja koplo atoke. Alitoka na kopo la maji, akaanza kutawadha, na nikaona huyu ni Mwislamu mwenzangu, huenda moyo wake uko karibu.

"Salaam aleikum, afande."

"Aleikum salaam. Kaa chini."

"Nimekaa. Yule mbwa atakufa mle ndani. Konstebo aliniambia njiani, mbwa hana jasho."

"Konstebo ni mahabusu. Maneno ya mahabusu sisi hatufuati." Akaosha mkono mpaka kwenye kiwiko. "Na wewe mzee, na kofia yako, unaombea mbwa? Ikikutemea mate utaosha mara ngapi?"

"Saba, afande, na mojawapo kwa udongo."

"Basi unajua." Akamaliza miguu yake akaenda kuswali nyuma ya kibanda.

Ndipo askari wa gogo akapiga kelele. Povu lilikuwa limejaa mdomoni mwa Tiga, linaning'inia, na macho yamekuwa mekundu, anajirusha kwenye kioo. "Hii mbwa iko na kichaa!" Wanawake wa muhogo wakaacha sinia zao wakakimbia. Askari akakoki bunduki. Nikasema si kichaa, ni joto. Hakuna aliyesikia. Koplo akaja na viatu mkononi. Wakaanza kubishana kama mbwa wa polisi anaweza kupigwa risasi ndani ya gari la polisi, na kioo kikivunjika atalipa nani, na risasi moja ikipungua wataieleza vipi. Mmoja akasema atolewe nje kwanza ndipo apigwe. Nani amtoe? Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba mbwa mwenye kichaa asifunguliwe.

Mimi nilisimama. Sikujiambia simama. Nilijikuta nimeshika mpini wa mlango wa nyuma, wa moto kama kaango, na kwenye shingo yangu kuna kitu kingine, cha baridi.

"Mzee," koplo akasema, wala hakupandisha sauti, "unataka nikuzike pamoja na mbwa?"

Nikarudi kwenye nyasi.

Tiga alikwaruza bati. Kucha zake zilikuwa zinasikika mpaka kwenye nyasi, kra, kra. Halafu zikawa moja moja. Halafu hakuna.

"Umeona?" askari wa funguo akasema, anacheka kwa kunipoza. "Imetulia. Ilikuwa hasira tu."

"Imelala," mwingine akasema.

Wakaenda kula muhogo waliouacha wale wanawake. Wakaniletea na mimi kipande, kwa roho nzuri kabisa, na chumvi juu. Nikakishika. Sijui kama nilikila.

Luteni wao alifika kwa gari dogo, mtu mwenye haraka. Akauliza kwa nini polisi amefungiwa. Koplo akamweleza petroli. Luteni akasema petroli ile aliitoa yeye mwenyewe kwa polisi, kwa kubadilishana na betri. Wote wakacheka, hata Owor aliyetolewa akalazimishwa kucheka, akapewa sigara. Aliiacha ikaanguka, akanyang'anya funguo, akakimbia.

Mlango ulipofunguliwa, joto lililotoka lilinipiga usoni kama unafunua sufuria. Tiga alikuwa amelala ubavu, ulimi umekuwa rangi ya zambarau. Alikuwa hai. Owor akamshika mbele, mimi nikamshika miguu ya nyuma, mate na povu na yote, tukamteremsha kwenye mfereji uliokuwa na maji ya tope kidogo. Owor anammwagia tumbo kwa viganja, anamwita kwa Kidhopadhola, maneno madogo ya kumwita mtoto. Mbwa akapiga miguu kama anakimbia mahali fulani. Akavuta pumzi, akakaa sana, akavuta nyingine. Tukangoja ya tatu.

Owor hakulia. Alikaa kwenye tope anampangusa vumbi sikioni. Luteni alishaondoka. Koplo alisimama juu ya ukingo, akasema, "Si nilisema ni kichaa? Ona, imekufa."

Tororo

Tulikwenda na maiti nyuma, vioo wazi vyote, sasa hakuna aliyesema tufunge. Jiwe la Tororo lilipoanza kuonekana Owor akasema, "Mzee, nitakushusha mjini. Nenda kwa mtoto wako. Wewe hukuona kitu."

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda kusema."

"Utasema nini?"

Aliendelea kuendesha. Nilitaka kushuka, sidanganyi. Lakini mjini kila penye nafasi ya kusimama palikuwa na wanajeshi, hakusimama, na nilipopata akili tulikuwa tumeshaingia langoni mwa polisi, na askari wa lango amehesabu vichwa viwili.

Afande mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mnene, shati limepigwa pasi vizuri, feni juu yake imesimama kwa kukosa umeme. Alituacha tumesimama.

"Mbwa amekufa kwa nini?"

"Joto, afande. Alifungiwa ndani ya gari."

"Na nani?"

Owor akanyamaza. Nikaona yule afande naye anatamani asijibiwe. Maana kusema ni jeshi, maneno yakatoka pale yakaenda kambini, si mbwa peke yake angezikwa wiki ile.

"Wewe ulimfungia?"

"Hapana, afande."

"Basi nani? Mzee, wewe ulikuwepo."

"Jua lilikuwa kali sana, bwana mkubwa," nikasema.

"Sijakuuliza habari ya mvua na jua." Akainuka, akafunga mlango wa ofisi yake mwenyewe, akarudi kukaa. Sauti ikashuka. "Ile njia ina msitu."

"Iko, afande," Owor akasema.

"Msitu una nyoka."

Tukatazamana. Mimi nilidhani ameanza habari nyingine.

"Afande, ilikuwa joto," Owor akasema. "Bandani wamebaki mbwa wengine. Wenzangu hawajui hii kitu ya vioo. Wakisikia nyoka, kesho watafungia tena. Naomba iandikwe joto."

"Owor. Mama yako yuko hai?"

"Yuko, afande. Iyolwa."

"Basi ni nyoka."

Owor alitazama viatu vyake, vyenye tope la mfereji. Halafu akasema ndiyo afande, sauti ndogo.

Yule mkubwa akanigeukia. "Mzee, ulimwona huyo nyoka?"

Nilimtazama Owor, hakuniinulia macho. Nikasema nilimwona.

"Rangi gani?"

Hapo nilikwama. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa rangi ya kitu ambacho hakipo. "Mweusi," nikasema. Halafu, sijui kwa nini, nikaongeza, "na tumbo jeupe."

"Vizuri," afande akasema. Akatuambia twende.

Kwa Zaituni

Binti yangu alinipokea mlangoni na furaha, halafu akanusa. "Baba, umeshika nini?"

"Mbwa."

"Mkavu au mwenye maji?"

"Mwenye maji, mama. Maji mengi."

Hakunipa mtoto. Alinipeleka uani na ndoo, akachimba udongo kwa mkono wake, akasimama anahesabu kwa sauti huku naosha, saba, mama mkwe wake anachungulia kwenye pazia. Nguo zangu akaziloweka. Nikavalishwa kanzu ya mkwe wangu iliyonifika kwenye magoti, ndipo nikapewa mjukuu. Alinitazama kama mtu anayeuliza huyu naye ametoka wapi.

Akika ilikwenda vizuri, mbuzi alipatikana, mchele kidogo, chai ya rangi yenye sukari yangu ya ng'ambo ambayo kila mtu aliinywa bila kuuliza. Na pale pale kwenye mkeka, jirani mmoja wa mkwe wangu akaanza kunisimulia habari ya nyoka wa msituni. Anasema ni mkubwa kama paja, anaingia kwenye magari kupitia dirishani, ameshaua mbwa wa polisi na anatafuta mtu.

"Nani kamwona?" nikauliza.

"Kuna mzee mmoja wa Busia alimwona kwa macho yake. Mweusi, tumbo jeupe."

Chai ikanipalia. Nilitaka kumwambia. Nikamtazama alivyokuwa ameamini, nikatazama na wale wengine, sikumjua kila mtu pale mkekani. Nikasema, Mungu atuepushe.

Nilikaa Tororo zaidi ya nilivyokusudia, kwa sababu ile ile, magari. Zaituni hakulalamika, lakini mama mkwe alianza kuniuliza kwa heshima kama Busia hakuna kazi.

Kurudi

Owor ndiye aliyenitafuta. Alikuja mpaka mlangoni, amekonda, akaniambia amerudishwa Busia, kuna kahawa tena. Nyuma ya Landrova kulikuwa na mbwa mwingine, mdogo, mwekundu, bado ana masikio makubwa kuliko kichwa. Sikuuliza jina. Tuliondoka na vioo wazi, tukasimama vivulini kama mara ya kwanza, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa namwonyesha miti.

Tulipofika msituni sikupatambua. Nyasi zote zimefyekwa, pande zote mbili, mpaka ndani kwenye miti. Hata vile vichaka walivyokuwa wanakaa wanawake wa muhogo vimekatwa. Wanawake walikuwa wamekaa juani, khanga kichwani. Hakuna kivuli hata cha kuku.

Koplo wa kovu alikuja akitabasamu, kama anaona jamaa zake.

"Karibuni. Leo hatuna ugomvi. Funga vioo tu, halafu mshuke, tukague mizigo."

"Kwa nini tufunge, afande?" Owor akauliza.

"Amri kutoka juu. Gari yoyote yenye mbwa, vioo vifungwe kabisa mpaka ukaguzi uishe." Akaonyesha zile nyasi zilizokatwa. "Nyoka."

Nikaona mikono ya Owor imekaa kwenye usukani na haiondoki. Aliyasema mwenyewe ofisini, kwamba wakisikia nyoka watafungia tena, halafu akakubali mwenyewe, na mimi nikatia rangi. Sasa amwambie koplo nyoka hayupo? Basi mbwa wa kwanza aliuawa na nani? Niliona anazungusha maneno kichwani na kila njia anayochukua inarudi pale pale.

Aliteremka. Akasukuma vioo, kimoja kimoja, akavifunga. Akampa koplo funguo kabla hajaombwa. Halafu akazunguka nyuma, akafungua mlango, akaingia kwenye bati pamoja na yule mbwa mdogo, akakaa chini na kichwa cha mbwa mapajani.

"Funga," akamwambia koplo.

"Wewe toka."

"Umesema gari ifungwe. Funga."

Askari wakacheka. Koplo akacheka kidogo, akatazama wenzake, akaupiga mlango.

Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wangu. Mkiniuliza nilifikiri nini, sikumbuki kufikiri. Nilikwenda kule nyuma nikagonga, kama mtu anayegonga nyumba ya watu. Owor akaufungua kutoka ndani. Nikapanda. Kanzu yangu ilikuwa safi, Zaituni aliifua mwenyewe, na mbwa akaweka mdomo wake wenye mate pale pale gotini. Tukavuta mlango.

Sitawaeleza joto lile vizuri, sina maneno yake. Kwanza ni kama jikoni. Halafu unasikia hewa inaingia puani haina kitu ndani yake. Jasho likaanza kuniingia machoni. Mbwa anahema, ha ha ha ha, na mimi nikajikuta nahema naye. Owor amefumba macho, ananong'ona kwa lugha yao. Nje naona buti za koplo zinakwenda zinarudi.

Akaja kwenye kioo. "Mzee, toka. Mchezo umekwisha."

Sikumjibu. Si ujasiri, ulimi ulikuwa umekauka.

Akaondoka. Nikasikia anawafokea wenzake waache kucheka, na kicheko kikaisha. Akarudi, safari hii akaweka kiganja kwenye bati la paa na akakiondoa haraka. Akachungulia. Nikaona kovu lake karibu kabisa na kioo.

"Mzee. Wallahi toka. Humo ndani mtu atakufa."

Nikameza mate, hayakuwepo. "Kwa nyoka, afande?"

Alinitazama. Alinitazama sana, halafu akamtazama Owor, halafu mbwa. Nyuma yake askari wa gogo alikuwa amesimama na mdomo wazi. Nilidhani sasa anashika bunduki, na mkono wake kweli ulisogea.

Akasukuma kioo. Kilikwama na vumbi, akakisukuma kwa mikono miwili mpaka kikafika mwisho. Akazunguka upande wa pili, akasukuma na kile.

"Nyoka akija," akasema, bila kututazama, "mtaniita."